Jumapili za Maandishi ya Chini

Kabla ya kumpata mkwe, familia ile ilijaribu wasomaji wengine wa kumsomea Mama maandishi ya filamu, na wote walishindwa. Binti ndiye aliyeanza. Alikuwa akilia kabla watu wa kwenye filamu hawajalia, na Mama akamwambia kwa upole kwamba anamharibia. Akafuata kaka mtu, mzaliwa wa kwanza, aliyesoma kwa sauti ya mwenyekiti anayefungua mkutano na kuruka maneno aliyoyaona hayana maana. Katika filamu za aina ile, kwa maoni yake, hayo yalikuwa karibu yote. Mama akamshukuru na kumwambia apumzike. Ndipo akaletwa mume wa binti.

Mkwe huyu alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi, na nyumbani na kazini watu walimwita hivyo hivyo, Mtangazaji. Kutwa alikaa kwenye kibanda cha vioo akiwaambia abiria basi gani liko lango gani. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Basi likichelewa, begi likiokotwa, mtoto akipotea, kwake yote yalikuwa tangazo. Mkewe aliposwa kwa sauti hiyo hiyo, na anasema hadi leo hana hakika kama bwana alifurahi alipokubaliwa.

Mama alimsikiliza kidogo tu, akajipiga paja.

"Huyu ndiye," alisema. "Wewe nipe maneno tu, mwanangu, usiniigizie. Mengine nitayatoa kwenye nyuso mwenyewe."

Alihitaji kusomewa kwa sababu ya mtoto wa jicho. Akiketi karibu na runinga aliziona nyuso vizuri, lakini maandishi ya chini yalimpotea yote, yakawa mstari mweupe unaotetemeka. Na hata kama angeyaona, yalikuwa ya Kiingereza, na yeye na Kiingereza hawakuwahi kujuana. Mtangazaji alikuwa akiyasoma, akiyageuza Kiswahili kichwani, na kuyasema kabla hayajafutika. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Alijifunza kuifanya bila kuikatiza picha, na Mama alikuwa akimsifia kwa wageni hadi bwana wa watu anaangalia viatu vyake.

Filamu zenyewe Mama alizipatia kazini. Alikuwa fundi cherehani, na ujanani alipewa kazi ya kushona mapazia ya ukumbi mmoja wa utamaduni, yale mazito ya kuzuia mwanga. Kwa kuwa hayakwisha upesi, akawa anashonea humo humo nyuma ya viti, huku picha kutoka nchi za mbali zikionyeshwa. Mishono ya mapazia yale, anakiri mwenyewe, ilikwenda upogo. Kazi ilipokwisha aliendelea kwenda kama mtazamaji, akaenda miaka na miaka, hadi ukumbi ulipofungwa na kugeuzwa ghala la vigae.

Kwa hiyo usimwendee na magari yanayofukuzana. Yeye alipenda filamu ya mtu anayesubiri rangi ya lango lake ikauke. Alipenda ya bwana posta anayejifunza kuogelea uzeeni. Kulikuwa na moja ya ndugu wawili waliokosana, na kwa muda mrefu kabisa hakuna aliyesema neno isipokuwa "nipe chumvi". Mama aliitazama ameshika shavu, na mwisho akasema hajapata kuona ugomvi mkubwa kama ule. Jirani akipita sebuleni na kuuliza mbona hakuna kinachotokea, Mama alimjibu bila kugeuza shingo, "Kaa. Kinatokea."

Mtangazaji alianza kwa adabu ya ukwe, kwa maana mkwe hakatai. Mwaka wa kwanza alikuwa akihesabu matundu ya pazia. Kisha, sijui ni lini, akajikuta anazingojea Jumapili. Akiwa kibandani alianza kuwatazama abiria waliokaa kwenye mabenchi, nani amekaa mbali na nani, nani anashika mfuko wake vibaya. Hakumwambia mtu. Ila kile kiti cha kando ya Mama, mchana wa Jumapili, mapazia yamefungwa, kilikuwa mahali pekee duniani ambapo mtu alimwambia kwamba sauti yake ni nzuri.

Halafu Mama akaanguka bafuni.

Hakuvunjika. Binti, ambaye anauza dawa kwenye duka la jirani na huja kila siku akitoka kazini, alimkuta amekaa sakafuni ameegemea ndoo, nguo zimelowa, ametulia tuli. Alikuwa pale tangu asubuhi. "Nilijua utakuja," alisema Mama, na binti akacheka, akamwinua, akamkausha, kisha akaenda uani kulia mpaka akatapika. Tangu hapo simu ikilia anashtuka.

Kaka mkubwa aliamua mambo siku ile ile, kwa sababu yeye ni mtu wa kuamua. Anaishi mji mwingine, ana nyumba kubwa na chumba kitupu. Mama atahamia kwake. Nyumba hii itapangishwa, na mpangaji ameshapatikana. Jumamosi ya wiki ijayo gari litakuja, na Mama ataambiwa anakwenda kusalimia wajukuu kwa siku chache. Siku chache zitakuwa nyingi, na nyingi zitazoeleka. Kubaki kilibaki kitu kimoja tu, nacho ni kumwambia mwenyewe ukweli, na hicho hakuna aliyekitaka. Kila walipolikaribia jambo hilo, Mama aliuliza kama chai imetosha sukari.

"Mama hasikii la mtu," alisema kaka mkubwa kwenye simu. "Lakini hizo filamu zake anazisikia. Basi zimlainishe zenyewe. Nimepata moja, bibi mjane anahamia kwa mwanawe mjini. Ni kama imetengenezwa kwa ajili yetu."

"Umeitazama?" aliuliza Mtangazaji.

"Nimesoma nyuma ya kava."

Filamu ikanakiliwa kwenye flashi, ikatumwa. Mtangazaji na mkewe wakaitazama nyumbani kwao, wakamaliza wakiwa hawatazamani. Filamu ilikuwa ya nchi ya theluji. Bibi anachukuliwa na mwanawe na kupelekwa kwenye jengo refu ambalo milango yote inafanana. Anapotea kwenye lifti, anabisha kwa watu asiowajua. Mkaza mwanawe anamhamishia kiti chake cha mbao stoo, kwa sababu kinakwaruza sakafu. Hakuna anayempiga wala kumnyima chakula. Wanaongea naye kwa kifupi, wanaangalia saa, na kila siku anapungua. Mwisho anampigia simu jirani yake wa zamani, naye anasema kwamba huko ni pazuri na wanamtunza vizuri. Basi.

Mtangazaji akapiga simu. "Shemeji, hii ni msiba. Akiiona hii hatoki nyumbani kwake hata kwa winchi."

"Kwani maandishi anayaona?"

"Hayaoni."

"Si unamsomea wewe? Basi msomee vizuri. Wakiongea vibaya, wewe ongea vizuri. Ni maneno tu hayo, shemeji."

Mtangazaji alimtazama mkewe, aliyekuwa akikunja nguo za Mama alizozileta kuzifua kwao. Mke aliendelea kukunja.

"Mimi sijui," alisema mwishowe. "Nikimkumbuka pale chini bafuni, naona bora hata tumdanganye kila siku, ilimradi pawe na mtu ndani ya nyumba. Lakini wewe ndiye unayemsomea. Fanya utakavyoona."

Mtu akiambiwa afanye atakavyoona, ujue ameshatupiwa mzigo. Mtangazaji hakulala vizuri, na kulala vizuri ndiyo sifa yake ya pili.

Jumapili kaka mkubwa alifika mapema, ameleta matunda. Alimbusu Mama, akasifu mapazia, akakaa kwenye kochi kubwa na kuzima simu. Binti akakaa pembeni. Mapazia yakafungwa, Mama akavuta kiti chake mpaka karibu na runinga, na Mtangazaji akakaa mahali pake.

Mwanzoni alisoma ya kweli, maana palikuwa na barabara na theluji na maneno machache ya njiani. Kisha mlango wa nyumba ya mwana ukafunguliwa. Mkaza mwana, amekunja uso, alisema, na chini ikaandikwa: *Mizigo yote hii ataiweka wapi?*

"Karibu sana, mama, tulikuwa tunakungoja," alisema Mtangazaji.

Binti alikohoa. Yeye maandishi aliyaona. Kaka mkubwa alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ikaendelea hivyo. Bibi alibisha mlango usio wake, na mwanamume mwenye fulana akafungua, akamfokea kwamba amekosea tena, hii ni mara ya ngapi. "Pita ndani, bibi," alisema Mtangazaji, "hapa majirani wote ni ndugu." Kiti cha mbao kilipopelekwa stoo, mkaza mwana alisema kinamharibia sakafu. "Tutakununulia kipya, kizuri zaidi," alisema Mtangazaji. Sauti yake ilikuwa ile ile ya lango la nne. Kusema uongo kulimpa shida kidogo kuliko alivyotarajia, na hilo lilimtisha. Alipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa muda wote wa filamu, bila kukwama, na jasho likimtoka kwapani.

Mama alikuwa ameinama mbele kuliko kawaida yake. Mara moja alicheka, mahali ambapo hapakuwa na kichekesho. Mara nyingine alisema "lo" polepole na kujishika kifua. Pale bibi alipokaa kitandani akitazama ukuta, na mwana akachungulia mlangoni, akasema anachelewa kazini, Mtangazaji alisoma, "Nakupenda, mama, furaha ya nyumba hii ni wewe." Mama akapiga ulimi mdomoni, kama anavyofanya akiona mshono uliokaa sawasawa.

Mwisho ulifika. Bibi akashika simu. *Hapa ni pazuri. Wananitunza vizuri.*

"Hapa ni pazuri," alisema Mtangazaji. "Wananitunza vizuri." Hilo lilikuwa la kweli, neno kwa neno, na ndilo pekee lililomkwama kooni.

Nyumbani kwa Mama filamu ikiisha hakuna anayesema mpaka mapazia yafunguliwe, na wa kwanza kusema ni yeye. Binti akafungua. Mwanga ukawapiga wote usoni. Mama alikuwa na machozi, lakini si ya huzuni. Alikuwa amechangamka.

"Hii ni kubwa," alisema. "Nimetazama hizi picha tangu nikiwa msichana, na sijaona kama hii."

"Umeipenda, Mama?" aliuliza kaka mkubwa.

"Kuliko zote."

Kaka mkubwa akamtupia shemeji yake jicho la pongezi. "Si umeona bibi alivyopokelewa?"

"Nimeona. Ndiyo ufundi wenyewe!" Mama aligeukia kochi. "Maneno yanakwenda huku, nyuso zinakwenda kule. Umemwona yule mwenye fulana? Anamwambia bibi apite ndani, na huku ameushika mlango asipite. Mkaza mwana anamwambia karibu, na macho yako kwenye mizigo. Nyumba nzima inamsemesha asali, na hakuna hata mmoja anayemtaka. Na aliyeitengeneza hakutuambia. Ametuachia tujionee. Huyo mtu ana akili ya kutisha."

Binti aliangalia mikono yake.

"Na bibi anajua," Mama aliendelea. "Ndiyo maana mwisho na yeye anadanganya. Amejifunza lugha ya pale. Kitu kimoja tu kimenishinda kwa yule bibi. Kwa nini hakuwauliza? Kukaa na watu wanaokudanganya, ukanyamaza ili wasione aibu, mimi siwezi. Mimi ningeuliza."

Akanyoosha kitambaa cha magotini.

"Mnanipeleka lini?"

Kaka mkubwa akauliza nani amesema habari ya kumpeleka mtu.

"Hujasema wewe, na hajasema dada yako," alijibu Mama. "Lakini wewe hujawahi kumaliza filamu yangu hata moja. Leo umezima simu, umekaa mpaka majina yamepanda yote. Nikajiuliza, huyu leo ana nini?" Kisha akamgeukia mkwe wake na kumwekea mkono juu ya mkono. "Niambie wewe, mwanangu. Hawa wataniigizia."

"Jumamosi," alisema Mtangazaji. "Gari linakuja asubuhi. Na nyumba imepata mpangaji."

"Asante," alisema Mama.

Yaliyofuata yalikuwa kelele za kawaida za familia. Kaka mkubwa alisema habari za bafuni, Mama akasema bafu ni lake na sakafu ni yake, na akianguka tena ataanguka kwake. Binti alilia, safari hii mbele ya watu, akasema hawezi tena kuja kila siku akiwa hajui atakuta nini. Hilo Mama alilisikia. Akasema kama ni hivyo atafutwe mwanamke wa kushinda naye mchana, na vishikio vipigwe ukutani, lakini yeye haondoki. Kaka mkubwa aliondoka jioni bila kula, akaenda kuongea na mpangaji. Matunda aliyasahau mezani.

"Jumapili ijayo," Mama alimwambia Mtangazaji mlangoni, "tuirudie ile ile. Nataka kuona tena alivyoifanya."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama alikwenda kliniki ya macho, na huko akamsimulia daktari filamu nzima, pamoja na muuguzi, pamoja na wagonjwa wawili waliokuwa wakisubiri zamu. Alimsimulia fundi aliyekuja kupiga vishikio. Alimsimulia mwanamke mpya wa mchana kabla hajamwonyesha jiko. Binti alizileta habari hizi nyumbani moja moja, na Mtangazaji alizipokea kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Soma ulivyosoma," mkewe alimshauri. "Jambo limekwisha. Amebaki kwake. Unamnyang'anya filamu yake kwa faida ya nani?"

Alijaribu. Siku mbili alikaa kibandani na kalamu akiyakumbuka maneno yake mwenyewe. Alikumbuka ya mlangoni na ya kiti, lakini mengi yalikuwa yamekwenda, na yale aliyoyatunga upya yalikuwa mabaya. Ila si hilo lililomwamulia. Kilichomwamulia ni ule mkono uliowekwa juu ya mkono wake. Hakuweza kuufikiria mkono ule na huku anatunga.

Jumapili walikuwa wawili tu, yeye na Mama. Barabara ikapita, theluji ikapita, mlango ukafunguliwa.

"Mizigo yote hii ataiweka wapi?" alisoma Mtangazaji.

Mama akasogeza kiti. Mwenye fulana alipofungua, Mtangazaji akasoma, "Umekosea tena, bibi, hii ni mara ya ngapi?" Kiti kikaenda stoo. "Kinaniharibia sakafu," akasoma.

"Simamisha," alisema Mama.

Alisimamisha. Kwenye kioo cha runinga mkaza mwana alibaki ameshika kiti mikononi.

"Juzi hakusema hivyo."

"Hakusema, Mama."

"Kwa hiyo leo ndivyo ilivyoandikwa."

"Leo ndivyo ilivyoandikwa."

"Na ile ya juzi iliandikwa na nani?"

"Niliisema mimi," alijibu. Sauti yake ilikuwa ile ile, na kwa mara ya kwanza maishani aliichukia.

Mama alitazama kioo. Kisha akauliza, kama anayetaka tu kuhakikisha, "Basi ile filamu haipo?"

"Haipo, Mama."

"Nimemsimulia kila mtu," alisema.

Mtangazaji alianza kueleza, habari ya bafuni, habari ya shemeji, habari ya mkewe kushtuka simu ikilia. Mama akainua kiganja, si kwa hasira, akamwambia aendelee kusoma kama ilivyoandikwa. Akasoma mpaka mwisho. Mama aliitazama yote, wima, hakuinama mbele hata mara moja. Ilikuwa filamu nzuri, ya watu wasemao wanachofikiri, kama zilivyo nyingi.

Ilipokwisha Mtangazaji alifungua mapazia, akarudi kukaa, akangoja. Alitamani atukanwe, maana anayetukanwa bado yumo ndani ya nyumba. Mama alifuta macho yake kwa ncha ya kitambaa, akageuka, akamtazama kwa adabu kubwa. Hakusema lolote kuhusu filamu. Alimuuliza wazazi wake hawajambo, akamuuliza kama atapata usafiri wa kurudi saa hizi, akamshukuru kwa kuja.